Mkwe Wangu na Gemu la Matofali

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila nikuonapo umeinamia simu yako hapo kwenye kochi. Nilirudi nyumbani mchana kula, nikakohoa mlangoni kama ilivyonipasa, mara nikasikia kicheko kutoka jiko la uani. Mke wangu hakuwepo. Nilikuwa nimepishana naye njiani akienda sokoni. Basi kicheko kile kilikuwa cha mama yake, na mama yake hakuwa amecheka tangu tumzike mumewe. Nilisimama pale na kofia mkononi, nisijue niingie au nirudi nilikotoka.

Lakini nimeanza katikati. Uzee una haraka zake, usinicheke. Ngoja nirudi nyuma.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Ninyi mmezaliwa mkakuta maduka yamejaa, hamwezi kuujua utamu wa kuona sabuni za aina tatu kwenye rafu moja baada ya kuipangia foleni ile moja isiyotoa povu. Makambako ilichangamka. Malori ya Songea na ya Mbeya yalipishana pale njia panda, na kila lori lilishusha kitu ambacho jana yake hatukukijua jina. Mimi nilikuwa fundi redio. Meza yangu niliiweka barazani kwa Mzee Shabani, mfanyabiashara aliyetoka Tabora akalowea kwetu, muuza tochi, saa na betri. Alikuwa mtu wa swala tano na maneno machache, na baridi ya Makambako hakuizoea mpaka anaingia kaburini. Watu wote waliniita Fundi, hata mke wangu.

Mke wangu Vumilia alikuwa Mkinga wa Ipelele, huko juu Makete, ambako ukiamka asubuhi za Juni unakuta umande umeganda juu ya majani. Tulikuwa hatujapata mtoto bado baba yake alipofariki. Kaka zake walikwisha kutawanyika na biashara zao, huyu Mbeya, huyu Tunduma, kama ilivyo kawaida ya Wakinga, na mama akabaki peke yake na moto wake. Ndipo tulipokubaliana aje akae kwetu.

Sasa elewa jambo hili, maana bila hilo hutanielewa. Kwa mila zetu, sisi Wabena na wao Wakinga, mwanamume haonani uso kwa uso na mama mkwe wake. Si chuki, ni heshima. Hamketi chumba kimoja, hamli pamoja. Ukimwona njiani unampisha kwa mbali. Ukiwa na kitu cha kumpa humkabidhi mkononi. Unakiweka chini, unasogea, naye anakuja kukiokota. Ninyi siku hizi mnapiga picha na mama mkwe mmekumbatiana. Sisemi kitu, dunia ina mwendo wake. Lakini wakati ule mimi nilitumia mlango wa mbele na mama alitumia wa uani, na kabla ya kuingia popote nilikohoa mpaka jirani akadhani nina kifua.

Tulimpokea mama kwa heshima zote, na hapo ndipo tulipoharibu. Alishika fagio, Vumilia akamnyang'anya. Alitaka kutwanga, tukasema, mama pumzika, umefanya kazi maisha yako yote. Aliomba kipande cha ardhi nyuma ya nyumba apande mboga, nikamtuma Vumilia amwambie kwamba mkwe wake hawezi kukubali watu waseme anamlimisha mjane. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi methali ile tuliiona ya watu wachoyo. Tulimpa kigoda kizuri, blanketi jipya na nyama ya Jumapili, tukajisifu.

Mama akakaa kwenye kile kigoda akautazama ukuta. Mwanzo alijibu salamu, baadaye akawa anatikisa kichwa tu. Chakula akawa anakionja na kukisukuma. Tulimpeleka hospitali, daktari akampima kila alichoweza kupima, akatuambia haoni ugonjwa. Jioni moja akamwambia binti yake kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi, "Mimi nimemaliza, mwanangu. Nangoja gari tu." Vumilia alikuja mbele akakaa karibu yangu akalia. Hakuwa amemaliza kumlilia baba, na sasa alimwona mama naye akiondoka, tena ndani ya nyumba yetu, mbele ya macho yetu, bila ugonjwa. Niliogopa sana siku ile. Niliogopa kwa ajili ya mama, na niliogopa kwamba mke wangu hatanitazama tena vilevile kama mama yake atafia mikononi mwangu.

Sasa nije kwenye kidude chenyewe cha kicheko kile. Dereva mmoja wa lori aliniachia gemu la matofali ambalo kitufe chake kimoja kilikuwa kimekwama, akasema atalipitia akirudi. Hakurudi. Huenda umewahi kuliona: la plastiki ya kijivu, la ukubwa wa kiganja, lina kioo kidogo, na vipande vya matofali vinaanguka kutoka juu, kimoja kirefu, kingine kimepinda, kingine mraba. Wewe unavigeuza na kuvipanga. Ukijaza mstari mzima unafutika na unapata pointi. Ukizembea, vinarundikana mpaka juu, na gemu linakupigia wimbo wa kukusanifu. Nilimngoja mwenyewe weee, mpaka Mzee Shabani akanitazama juu ya miwani akasema, "Fundi, kitumie hicho. Kitu kikiwekwa tu kinakufa." Kitufe nilikwisha kukikwamua, nikakitia betri nikaenda nacho nyumbani. Sikumpelekea mama, nisijipe sifa nisizostahili. Nilikipeleka kwa sababu nilikipenda mimi.

Mchana ule niliosikia kicheko, nilikuwa nimekisahau juu ya dirisha.

Nilikohoa tena. Kicheko kikakatika. Nikakaa sebuleni nikisikilizia mpaka Vumilia akarudi na kapu lake. Akapita uani, akakawia, kisha akaja mbele na sura ambayo sikuweza kuisoma.

"Fundi," akasema, "mama anauliza kile kidude chako kinataka nini."

"Kinataka apange yale matofali yasiache mapengo."

Akaenda, akarudi. "Anasema, kumbe ni kupanga kuni."

Sikuelewa, ikabidi Vumilia anifafanulie. Kwao Ipelele, mwanamke anajulikana kwa kuni zake. Kabla ya mvua anazipanga ukutani chini ya upenu, nene na nyembamba, zilizonyooka na zilizopinda, zishikane bila kuacha tundu, na katika rundo lile unasoma akili ya mwenye nyumba. Wakwe wakija kuposa, hutazama kuni za mama kabla hawajamtazama binti. Na mama mkwe wangu, Vumilia aliniambia kwa fahari, alikuwa akipanga rundo ambalo panya alilizunguka asipate pa kuingilia.

Kuanzia hapo nyumba ile ikabadilika. Mwanangu, usidhani ninatia chumvi. Sisemi kwamba huzuni iliondoka. Mume hasahauliki kwa matofali ya plastiki. Lakini asubuhi niliamshwa na mlio wa gemu kutoka uani, na baada yake sauti ya mama akilitukana kwa Kikinga. Nilimuuliza Vumilia amesema nini, akakataa kunitafsiria. Kisha mama akaanza kuona njaa, maana hasira nayo ni kazi. Siku moja aliagiza viazi vya kuchoma, akavila vyote, akauliza kama tulidhani yeye ni ndege. Vumilia alikuja kunisimulia jambo hilo dukani, kwa miguu, hakuweza kungoja nirudi.

Nikaanza kushindana naye. Tungewezaje vinginevyo? Hatukuweza kukaa pamoja, hatukuweza kuongea, lakini kidude kiliweza kupita mlango ambao sisi hatukuupita. Jioni nililicheza mimi mbele, nikamwachia Vumilia alipeleke uani na pointi zangu kwenye kioo. Asubuhi nilikuta lipo juu ya dirisha na pointi za mama, zimeziacha zangu mbali. Nikasema hewani, kwa sauti ya kufika jikoni, kwamba jana vidole vilikuwa na baridi. Kutoka jikoni ikaja sauti, si kwangu, kwa sufuria: "Sufuria, uliwahi kusikia fundi analalamikia vidole?"

Nilimpenda yule mama siku ile. Nalisema wazi. Kabla ya hapo nilimheshimu kama unavyoheshimu picha ya ukutani.

Na uchezaji wake nilimhusudu. Mimi nilicheza kwa pupa, nilitaka kila kipande kipate mahali papo hapo. Yeye aliacha nafasi moja pembeni, nyembamba, ndefu, akajenga polepole upande mwingine, akingoja. Mara kinashuka kile kipande kirefu, anakitumbukiza pale, na mistari inafutika kwa mkupuo. "Mwambie mkwe," alimwagiza Vumilia, "mti mrefu unawekewa nafasi kabla haujafika." Ng'ombe hazeeki maini, mwanangu. Mikono ilikuwa inatetemeka, macho yalikuwa na ukungu, na bado alinifunga. Akishindwa alisonya, akakung'uta kanga yake, akaanza upya. Mimi nikishindwa nilinuna mpaka chakula kikapoa.

Betri zikidhoofika alizitoa akazianika juani juu ya ungo kama maharage, tukapata siku mbili tatu za ziada. Kwa kuzitoa, pointi zote zilifutika na kioo kilirudi sifuri. Nilidhani atasikitika. Alisema tu, "Zimefutika kwake. Kwangu zipo."

Basi habari husafiri kuliko malori. Siku moja akashuka baba mkubwa kutoka Ipelele, kaka wa marehemu, mzee wa kanisa, mwanamume mrefu mwenye koti zito ambalo hakulivua ndani ya nyumba. Nilimkaribisha mbele, nikamtayarishia kiti, Vumilia akaleta chai akapiga goti. Hakuigusa.

"Nimeambiwa mke wa mdogo wangu anacheza," akasema. "Kitambaa cheusi kiko kichwani, naye anacheza kama mtoto. Nikasema ni uongo. Tena nikaambiwa anacheza na mkwe wake. Hilo nikakataa kulisikia. Nimekuja kuona, na nilipopita uani nimeona. Kesho narudi naye. Akae ndani kwa adabu, kama wajane wenzake."

Alikuwa baba mkwe wangu kwa mila, na kila alilosema lilikuwa kweli. Niliinamisha kichwa. Vumilia alikuwa amesimama na birika, akalitua sakafuni akanitazama, kwa sababu sote wawili tulijua kukaa ndani kwa adabu ni kitu gani. Tulikwisha kukiona juu ya kigoda.

Kisha mama akasema kutoka nyuma ya mlango wa uani. Hakuingia. Mlango ulikuwa umerudishwa, tuliona pindo la blanketi tu.

"Shemeji, nisikilize. Ungekuja nilipoletwa hapa ungenikuta nimekaa, nautazama ukuta, ungesema mjane huyu ana adabu. Halafu ungerudi mara ya pili kunizika. Leo umenikuta nagombana na kidude, unasema nimepotoka. Mdogo wako nimemlilia, na nitamlilia mpaka nimfuate, hunifundishi. Ipelele nitarudi, tena kwa miguu yangu. Lakini sirudi kukaa. Narudi kupanda njegere zangu na kupanga kuni zangu, na kidude nakwenda nacho."

Tulisikia akivuta pumzi.

"Na wewe mlango," akasema, "mwambie mkwe wangu neno hili. Ni mtoto mwema. Amenipa blanketi, amenipa nyama. Lakini ninyi wote humu ndani mlinikubalia kila kitu na kuninyang'anya kila kitu, kama mnavyomfanyia mtu anayekufa. Hakuna aliyenipinga, hakuna aliyenituma, hakuna aliyenishinda. Kidude kile ndicho cha kwanza kilichonikatalia katika nyumba hii. Nikasema, kumbe bado nipo."

Mwanangu, nimekaripiwa na watu wengi maishani. Baba yangu kule Kitandililo alikuwa na mkono mzito na ulimi mkali zaidi. Lakini hakuna karipio lililonikaa kama lile lililosemwa kwa mlango. Jungu kuu halikosi ukoko, na ukoko ule niliula wote.

Baba mkubwa alikitazama kile kikombe cha chai muda mrefu. Mwishowe akakichukua, akanywa, ingawa ilikuwa imepoa. Kisha akamuuliza Vumilia, bila kututazama, "Betri zake Makete zinapatikana?"

Hivyo ndivyo alivyokubali. Wazee wa juu kule hawana maneno mengi.

Siku ya safari nilikwenda mapema kwa Mzee Shabani kuchukua betri. Nilipomweleza zinakokwenda, alifungua pakiti mpya badala ya ile iliyokuwa mezani. "Hizi hazijapigwa na vumbi," akasema. "Mwambie mama Mola amweke." Nikaenda stendi. Gari la Makete lilikwisha kujaa, mama amekaa dirishani na kitambaa chake cheusi, gemu limefungwa kwenye pindo la kanga. Vumilia alikuwa upande wa pili akihangaikia mizigo. Nikakaribia huku nimegeuza uso pembeni, nikataka kuziweka betri chini karibu na mlango wa gari, nisogee, mtu amwokotee.

"Gari," ikasema sauti ya mama juu yangu, "mwambie mkwe wangu betri haziokotwi mavumbini. Zinaharibika."

Nikainua uso. Alikuwa amenyoosha mkono dirishani, mkono mkavu, vidole vimepinda, kiganja kimefunguka. Watu walikuwa wanatutazama. Nikaziweka betri kwenye kiganja chake, na vidole vyake vikafumba juu ya vyangu, vikashika kidogo. Kwa kawaida ya kwao ni mama mkwe peke yake awezaye kuuondoa ule mpaka, tena kwa sherehe na mbuzi. Yeye aliuondoa kwa betri. Nililia, ndiyo, palepale stendi, na makondakta wakanicheka.

Alilima njegere miaka mingi baada ya hapo. Kila gari lililoshuka lilileta gunia la viazi na salamu za kejeli: mwambieni Fundi nimefika mahali ambapo matofali yanakimbia kama mvua, yeye hajafika. Wajane wenzake walianza kuja kwake mchana kupokezana lile gemu, wakigombania zamu kama wasichana kisimani. Baba mkubwa mwenyewe, nilisikia, alipita mara nyingi kukagua paa lisilovuja. Na mama alipofariki, alifariki mzee sana, siku ya kupalilia, watu wakamzika wakisimulia ukali wake badala ya kumhurumia. Naomba nami nizikwe hivyo.

Sasa nikuambie kwa nini nimekusimulia. Tangu Vumilia wangu atangulie, mmenileta mjini, mmenipa chumba kizuri, mmenikataza jembe, na juzi mmeninunulia simu yenye magemu zaidi ya ninayoweza kuyahesabu. Nashukuru, kwa moyo wangu wote nashukuru. Sitaki kusikia mtu akisema mchezo ni wa watoto, au kwamba mzee mwenye gemu amerukwa na akili. Nimeona kwa macho yangu mama wa watu akirudishwa duniani na kidude cha kijivu. Ila, mwanangu, usidhani kidude ndicho kilichomrudisha peke yake. Kilimkatalia, naye akakasirika. Na kulikuwa na mtu upande wa pili wa mlango aliyetaka kumshinda. Mzee haombi starehe tupu. Anaomba apewe cha kufanya, kikubwa au kidogo, na mtu wa kukifanya naye. Ukimpa simu kisha ukampa mgongo, umempa kigoda kingine tu cha kuutazamia ukuta. Mpe kazi anayoiweza, hata kama ataifanya polepole. Mpinge akikosea. Mshinde ukiweza, na usimwachie kwa huruma, maana tunajua. Heshima isiwe ukuta wa kumweka mtu mbali mpaka afe kwa adabu.

Mungu akupe maisha marefu, na katika urefu wake akujalie wa kukutania. Akuwekee nafasi kabla mzigo haujafika. Macho yako yakipata ukungu, pasikosekane jikoni mwako sauti ya mtu anayekuambia uongeze bidii.

Haya, ilete hiyo simu tuone jana umefika wapi. Usiiweke mezani. Nipe mkononi.